Sumaku ya "Kupunguza Tokeni": Kwa Nini Usitume Pesa, na Stima Yako Hutoka Wapi Hasa

Hivi majuzi tulikuwa Sigor, kule Chepalungu, Kaunti ya Bomet (si ile Sigor ya Pokot Magharibi, tafadhali), tukiongea na wateja wetu kuhusu kulipia tokeni kwa simu. Tulikuwa tumejiandaa kwa maswali ya kawaida: tokeni imechelewa, nimekosea namba ya mita, nimemnunulia jirani stima bila kujua. Halafu kijana mmoja mwenye kinyozi akatoa simu yake na kutuonyesha meseji.

Meseji ilisema kuna sumaku maalum. Unaiweka juu ya mita yako, na tokeni ya wiki moja inakaa mwezi mzima. Bei ni shilingi 3,500, lakini unatuma nusu kwanza ndipo uletewe mzigo.

"Sasa nitume ama nisitume?"

Tulimjibu hapo hapo: usitume. Lakini yeye hakuridhika, na swali lake la pili ndilo lililotufanya tuandike makala haya. "Sawa, nisitume. Lakini mbona isifanye kazi? Mwalimu wa fizikia alituambia hata jenereta ina sumaku ndani. Kama sumaku inatengeneza stima, si inaweza pia kuipunguza?"

Ni swali zuri kuliko majibu mengi tuliyokuwa nayo siku hiyo. Kwa hivyo leo tumeamua kulijibu vizuri. Usijali, hatukurudishi darasani. Ukifika mwisho utajua kwa nini meseji ile ni ya uongo, transfoma ya pale sokoni inafanya nini, chaja yako inafanya nini, na hata kwa nini kadi ya kulipia kwa kugusa haihitaji betri. Vyote hivyo vinafuata kanuni moja tu.

Kanuni yenyewe: bila mabadiliko, hakuna stima

Mwaka wa 1831, kule London, Michael Faraday alikuwa akitafuta njia ya kupata stima kutoka kwa sumaku. Faraday alikuwa mtoto wa mhunzi, na kazi ya kwanza aliyofundishwa ilikuwa kujalidi vitabu. Hakusomea chuo kikuu. Sayansi aliipata kwa kusoma vitabu alivyokuwa akivijalidi.

Alichukua pete ya chuma akaizungushia koili mbili za waya, moja upande huu na nyingine upande ule. Koili ni waya uliozungushwa mara nyingi, kama kamba kwenye kigingi. Koili ya kwanza aliiunganisha na betri. Ya pili aliiunganisha na kipimo chenye sindano. Waya hizo mbili hazikugusana popote.

Watu wengi wangetarajia nini? Kwamba betri ikiwa inasukuma stima kwenye koili ya kwanza, basi sindano ya koili ya pili itasimama pembeni na kubaki huko. Haikuwa hivyo. Sindano iliruka kidogo Faraday alipounganisha betri, kisha ikarudi sifuri. Betri ikaendelea kufanya kazi, na sindano ikabaki imelala. Alipotoa betri, sindano ikaruka tena, safari hii upande wa pili.

Miezi miwili hivi baadaye, Oktoba mwaka uo huo, alijaribu kwa njia rahisi zaidi. Alisukuma sumaku ndani ya koili: sindano ikaruka. Akaiacha sumaku imetulia ndani: hakuna kitu. Akaivuta nje: sindano ikaruka upande mwingine.

Hapo ndipo siri ilipo. Kila sumaku imezungukwa na uga wa sumaku, yaani eneo ambalo nguvu yake inafika. Huuoni, lakini ukileta msumari karibu utauhisi mkononi. Uga ukiwa umetulia ndani ya koili, hata uwe mkali namna gani, koili haipati chochote. Uga ukibadilika, ukiongezeka, ukipungua au ukigeuka, koili inapata volti. Mabadiliko yakiisha, volti nayo inaisha.

Kama unataka volti nyingi zaidi una njia tatu:

- Tumia sumaku yenye nguvu zaidi.
- Ongeza mizunguko ya waya kwenye koili.
- Fanya mabadiliko yawe ya haraka zaidi.

Tuseme una koili ya mizunguko 200, upana wake unakaribia ule wa sarafu kubwa, na unasukuma ndani sumaku nzuri iliyotoka kwenye spika mbovu. Ukiisukuma kwa sehemu ya kumi ya sekunde, utapata kama volti 0.2. Ukiisukuma haraka maradufu, unapata maradufu, yaani 0.4. Ukiiacha imekaa hapo hadi Krismasi, unapata sifuri.

Kumbuka hiyo sifuri. Tutaihitaji tukirudi kwa yule muuza sumaku.

Taa ya baiskeli, au kwa nini hakuna stima ya bure

Kama babu yako alikuwa na ile baiskeli nyeusi nzito, huenda unaikumbuka dainamo yake, kile kichupa kidogo kinachosuguana na tairi. Ndani yake kuna sumaku inayozunguka karibu na koili. Gurudumu likizunguka, uga unabadilika, na taa inawaka. Ukisimama, giza. Ukikimbiza, taa inang'aa zaidi. Ni Faraday yule yule, ila yuko njiani kwenda Longisa.

Lakini kila aliyewahi kuendesha baiskeli hiyo usiku anajua jambo lingine: ukiwasha dainamo, pedali zinakuwa nzito. Na huo uzito hautokani na msuguano wa tairi peke yake. Stima inapoanza kutembea kwenye koili, koili yenyewe inageuka kuwa sumaku, na sumaku hiyo inapinga mwendo ulioizaa. Mwanafizikia Heinrich Lenz alilieleza jambo hili mwaka wa 1834, na tangu hapo hakuna aliyepata njia ya kulikwepa. Unaweza kulisikia hata kwenye jenereta ya mafuta. Fundi wa kuchomelea akianza kazi, jenereta inanguruma kwa sauti nzito. Mzigo umeongezeka, kwa hiyo lazima injini isukume zaidi na ile mafuta zaidi.

Maana yake ni hii: stima haitoki kwenye sumaku. Sumaku haiishi kwa kutoa stima, kama vile jiwe la kusagia halipungui na kuwa unga. Stima inatoka kwa kile kinachosukuma, iwe ni miguu yako, maji, mvuke, upepo au mafuta. Sumaku na koili zinabadilisha tu msukumo huo kuwa stima.

Kwa hivyo ukiona video ya mota inayozungusha jenereta, na jenereta hiyo hiyo inaendesha ile mota, na bado stima inabaki ya kuwasha nyumba, funga video. Na kama chini yake kuna namba ya kutuma "deposit", funga haraka zaidi. Kadiri unavyovuta stima kutoka kwa jenereta hiyo, ndivyo inavyokuwa nzito kuzungusha.

Safari ya stima: kutoka mtoni hadi Sigor

Watu wa Bomet na Kericho hawahitaji kwenda mbali kuona kanuni hii ikifanya kazi. Hospitali ya Tenwek, karibu na mji wa Bomet, imekuwa ikitumia maporomoko ya mto Nyangores kuzalisha stima yake tangu miaka ya 1980. Ni mto uleule unaoteremka na hatimaye kuwa sehemu ya Mara. Kule Kericho, kampuni kubwa za chai nazo zimekuwa na mitambo yao midogo ya maji, kwa sababu milima ya chai ina vitu viwili ambavyo mtambo wa aina hiyo unataka: mvua nyingi na mteremko.

Ukishuka zaidi, mito ya Kipsonoi na Yurith inaungana kuwa mto Sondu, na maji hayo yanafika kwenye mtambo wa Sondu Miriu upande wa Kisumu. Mtambo huo una uwezo wa megawati 60. Mvua iliyonyeshea majani ya chai asubuhi inaweza, baada ya safari ndefu, kusukuma jenereta huko chini.

Ndani ya mtambo mambo ni yaleyale ya dainamo ya baiskeli, ila ni makubwa kama nyumba. Maji yanazungusha turbini, turbini inazungusha sumaku kubwa, na pembeni kuna koili nene za shaba ambazo hazisogei. Kwa kuwa sumaku inazunguka, kila koili inaona ncha ya kaskazini, kisha ya kusini, kisha ya kaskazini tena. Ndiyo maana stima ya nyumbani haitembei upande mmoja. Inaenda na kurudi, mizunguko 50 kila sekunde, Kenya nzima.

Olkaria, ambako Kenya hupata sehemu kubwa ya stima yake, hakuna maji yanayoanguka. Kuna mvuke kutoka ardhini. Ila mvuke huo nao unazungusha turbini, na turbini inazungusha jenereta. Kinachobadilika ni msukumaji tu.

Transfoma ya sokoni inafanya nini?

Sasa stima lazima isafiri hadi Sigor. Na hapa kuna shida moja ya hesabu.

Waya huwa unapata joto stima inapopita, na joto hilo ni hasara. Hasara inategemea wingi wa mkondo, na haipandi polepole: mkondo ukiwa maradufu, hasara inakuwa mara nne. Tuseme soko dogo linahitaji kilowati 10. Ukizileta kwa volti 240, mkondo kwenye waya utakuwa kama ampea 42. Ukizileta kwa volti 11,000, mkondo unashuka chini ya ampea 1. Kwa waya uleule, hasara inapungua zaidi ya mara 2,000.

Ndiyo sababu stima husafiri ikiwa na volti nyingi, kisha inapunguzwa karibu na wewe. Anayeipunguza ni lile pipa la kijivu juu ya nguzo: transfoma.

Fungua transfoma (tafadhali, usifungue) na utakuta ile pete ya Faraday imevaa nguo za kazi. Kuna kiini cha chuma na koili mbili zisizogusana. Koili ya juu ina mizunguko mingi na inapokea maelfu ya volti kutoka kwenye laini. Kwa kuwa stima hiyo inaenda na kurudi, uga ndani ya chuma haupumziki, na koili ya pili inapata volti yake. Ya pili ikiwa na mizunguko michache, volti zinakuwa chache. Ni uwiano tu: mizunguko 20 kwa 1, basi volti 240 zinakuwa 12.

Hakuna kitu kinachozunguka mle ndani. Hakuna injini. Ule mvumo unaousikia ukisimama chini ya nguzo usiku ni chuma kinachotikisika kwa sababu uga unakivuta na kukiachia mara 100 kila sekunde.

Mambo mawili ya kukumbuka hapa.

La kwanza, transfoma nyingi zimejaa mafuta maalum. Mafuta hayo hupoza koili na kuzizuia zisipigane shoti. Mtu akiyafyonza ili akauze, koili zinapata joto, zinaungua, na kijiji chote kinalala gizani pamoja na kinu cha posho na friji za maziwa. Ukiona mtu asiyeeleweka juu ya nguzo usiku, piga ripoti. Usimkaribie, na usiiguse nguzo.

La pili, transfoma haiwezi kufanya kazi na stima isiyobadilika. Ndiyo maana wenye sola hawawezi kuunganisha betri ya volti 12 moja kwa moja kwenye transfoma wapate 240. Stima ya betri inatembea upande mmoja bila kubadilika, na unajua tayari: uga uliotulia ni sawa na sifuri. Inabidi uwe na inveta. Kazi yake kubwa ni kukatakata na kugeuzageuza ile stima ya betri ili yawepo mabadiliko ya kupandishwa.

Mbona chaja za siku hizi ni nyepesi?

Kama una miaka zaidi ya thelathini, utakumbuka chaja za zamani za simu na redio. Zilikuwa nzito kama kipande cha matofali, na zilipata joto. Ndani yake kulikuwa na transfoma kamili ya chuma, inayofanya kazi kwa ile mizunguko 50 kwa sekunde.

Chaja ya leo inatumia ujanja wa ile njia yetu ya tatu: mabadiliko ya haraka. Kwanza inaifanya stima ya ukutani iwe ya upande mmoja. Kisha inaiwasha na kuizima makumi ya maelfu ya mara kila sekunde. Kwa kuwa mabadiliko ni ya haraka namna hiyo, transfoma ndogo kama kidole gumba inatosha kuleta volti 5 za simu yako.

Na hapa kuna onyo la kweli. Kati ya upande wa volti 240 na upande unaoshika mkononi kuna nafasi ndogo tu, na kinachotenganisha ni ubora wa ile transfoma ndogo. Chaja feki hubana hapo hapo: waya mwembamba, kinga hafifu. Ikivuja, volti za ukutani zinaweza kufika kwenye simu na kwa aliyeishika. Chaja ikiwa nyepesi kupita kiasi, ikiwa inanuka au inakufinya kidogo ukiigusa, itupe. Simu unaweza kununua nyingine.

Turudi kwa muuza sumaku

Sasa tuna kila kitu cha kumjibu.

Kwanza tuseme ukweli: hadithi yake ina asili. Mita za zamani, zile zenye sahani inayozunguka nyuma ya kioo, zilifanya kazi kwa kanuni hii hii. Stima unayotumia ilitengeneza uga unaobadilika, uga huo ukaamsha mikondo midogo ndani ya sahani ya alumini, na sahani ikazunguka. Kulikuwa hata na sumaku ya kudumu ndani ya mita, iliyowekwa na watengenezaji kama breki ili sahani isikimbie ovyo. Kwa hivyo watu wakajua kuwa sumaku na mita vina uhusiano.

Lakini mita ya tokeni haina sahani. Kenya Power ilianza kuleta mita za kulipia kabla mwaka wa 2009, na ndani yake kuna chipu inayohesabu. Nyingi hupima kwa kipande kidogo cha metali ambacho mkondo wako wote unapitia. Chipu inasoma tofauti ndogo ya volti kati ya ncha zake. Hapo sumaku iliyotulia haina la kufanya. Haibadiliki, kwa hiyo haileti volti, haiondoi volti. Ni ile sifuri.

Mita nyingine hupima kwa koili ndogo. Watengenezaji wanazijua hila za sumaku kuliko muuzaji wa meseji, kwa hiyo huweka kinga na kihisi cha sumaku. Mita ikihisi, inaandika tukio hilo kwenye kumbukumbu yake, na baadhi hukata stima kabisa mpaka mafundi waje. Wakija, utawaeleza wewe. Muuzaji hatakuwepo. Na kuchezea mita ni kosa chini ya Sheria ya Nishati ya 2019.

Kwa ufupi, kuna njia tatu tu biashara hiyo inavyoisha: sumaku haiji kabisa, sumaku inakuja na haifanyi chochote, au inakuja na kukuingiza kwenye matatizo. Katika zote tatu, pesa yako imeshaenda. Sisi tunaweza kusaidia ukikosea namba, lakini pesa uliyotuma mwenyewe kwa tapeli, ambaye ameitoa kwa ajenti dakika tano baadaye, ni ngumu sana kurudi.

Kadi ya kugusa: Faraday mfukoni mwako

Siku hiyo mama mmoja wa duka la jumla alituuliza jambo lililofanana. Mtoto wake anayefanya kazi Nairobi alikuwa na kadi ya kulipia kwa kugusa, na yeye alikuwa na wasiwasi: "Kadi haina betri, haina waya. Inaongeaje na mashine? Na mtu akipita karibu na mimi sokoni, haitachukua pesa?"

Mama, ndani ya kadi hiyo kuna koili. Ni mizunguko michache ya waya mwembamba inayopita kando kando ya kadi, na chipu ndogo. Mashine ya malipo inatoa uga wa sumaku unaobadilika mara milioni 13.56 kila sekunde. Ukileta kadi karibu, mabadiliko hayo ya haraka yanaamsha volti kwenye koili ya kadi, na volti hiyo inatosha kuiamsha chipu ijibu. Kadi inapata stima yake kutoka kwa mashine yenyewe. Ukiiondoa, chipu inalala.

Kwa sababu hiyo hiyo, umbali ni mdogo sana. Uga wa namna hii hufifia haraka unapoenda mbali, na malipo ya kugusa hufanya kazi kwa sentimita chache tu. Mtu aliye ng'ambo ya barabara hawezi. Hata hivyo, usilale:

- Angalia kiasi kwenye skrini kabla ya kugusa.
- Usimpe mtu kadi au simu aende nayo nyuma ya kaunta.
- Ukiombwa PIN, iandike mwenyewe. Usimtajie mtu yeyote, hata akisema ni sisi.

Maswali mawili ya haraka

*Kava ya simu yangu ina sumaku. Inaweza kufuta laini au pesa zangu?*
Hapana. Laini ya simu haihifadhi kumbukumbu kwa sumaku. Na pesa zako haziko ndani ya simu wala laini. Ziko kwenye daftari la akaunti yako kwa mtoa huduma. Simu ni mlango tu. Kinachoweza kuharibika kwa sumaku ni ile kadi ya benki yenye mstari mweusi nyuma, kwa hiyo usiiweke pamoja na kava ya sumaku.

*Nikiacha chaja ukutani bila simu, inakula tokeni?*
Chaja nzuri inakula kidogo mno. Lakini ichomoe, hasa usiku na wakati wa radi.

Sasa tokeni inaenda wapi?

Yule kijana wa kinyozi bado alikuwa na shida yake ya kweli: stima inaisha haraka. Tukakaa naye tukapiga hesabu. Yuniti moja ni kilowati moja kwa saa moja. Chukua wati za kifaa, zidisha kwa saa unazokitumia, gawanya kwa 1,000.

- Mashine ya kunyoa, wati 12 kwa saa 8: karibu yuniti 0.1 kwa siku.
- Televisheni, wati 60 kwa saa 10: yuniti 0.6.
- Hita ya maji ya kuoshea wateja, wati 1,500, ikiwaka jumla ya saa 2: yuniti 3.

Jumla ni yuniti 3.7 kwa siku, na 3 kati ya hizo zinaliwa na hita. Mashine ya kunyoa, ambayo ndiyo inaleta pesa, haili karibu chochote. Simu nazo hazina hatia: yuniti moja inaweza kuchaji simu ya kawaida kama mara 40.

Alikuwa anawasha hita mara kwa mara siku nzima kwa sababu maji yanapoa. Tukamshauri achemshe mara moja asubuhi na mara moja mchana, aweke kwenye chupa kubwa za chai. Chupa mbili nzuri hazifiki bei ya ile sumaku, na hazihitaji kutuma nusu kwanza.

Kabla ya kubonyeza "Tuma"

1. Nunua tokeni kwa njia rasmi pekee. Paybill ya tokeni za Kenya Power ni 888880, na namba ya akaunti ni namba ya mita yako.
2. Tokeni halisi huwa na tarakimu 20. Ihifadhi meseji mpaka uone yuniti zimeingia.
3. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Ukiona jina la mtu binafsi mahali ulipotarajia kampuni, simama.
4. Anayekuahidi stima ya bure, muulize swali moja tu: ni nini kinachosukuma? Mtoni ni maji, Olkaria ni mvuke, kwenye baiskeli ni miguu yako. Akikosa jibu, hiyo stima haipo, na pesa yako haina haja ya kwenda kuitafuta.

Kama umepata meseji kama ile, usiifute kabla ya kutuonyesha. Ipeleke kwa ajenti wetu aliye karibu au tuandikie kupitia programu yetu ya simu, na uwaambie jamaa zako kwenye grupu la familia.